Chuma Nilikikata Mimi, Lawama Anabeba Indravadan

Mpendwa Mama Tryphosa, salamu nyingi, naomba unisaidie kama unavyowasaidia wasomaji wengine wa gazeti, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu mwaka jana, 1973, na hata mke wangu Nyanchera sijamwambia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisii, na rafiki yangu Indravadan, ambaye baba yake ana duka la vitambaa, anapenda mashindano ya magari kuliko chakula, basi tukakubaliana tujiundie gari letu wenyewe, yeye aendeshe na mimi niunde chesisi, yaani ule mfupa wa vyuma unaobeba injini na magurudumu. Niliichora kwa chaki sakafuni, nikakata mabomba, nikachomelea miezi mitano, watu wakaja kuitazama hata kutoka Nyamira, nami nikavimba kichwa. Injini ilipokataa kuingia, nilikata chuma kimoja cha mshazari kilichoshikilia upande wa mbele, nikisema nitaweka kingine, nisiweke. Indravadan aliona.

"Onyancha, hapa si palikuwa na chuma?"

"Kilikuwa kinaongeza uzito tu," nikamjibu. "Wewe panda."

Siku ya kulijaribu, nikiwa nimesimama kwenye kona moja kule Ikonge, niliisikia chesisi ikilia, nikaiona ikijipinda, gurudumu la mbele likalala, gari likapinduka ndani ya shamba la chai. Indravadan alivunjika nyonga na sasa anatembea kwa mkongojo, baba yake humwambia kila siku kwamba ni kiburi cha mwendo, na yeye mwenyewe aliponiona hospitalini alinishika mkono akasema, "Ndugu yangu, nisamehe, nimeiharibu kazi ya mikono yako," nami, Mama, nikamwambia apone tu.

Mwisho wa mwezi huu wanahamia Uingereza. Je, nimwambie, au nimwache aende kwa amani?

Onyancha, Nyanchwa, Kisii

*

Onyancha, gazetini nitayabadilisha majina yenu, na jibu hili nakutumia kwanza kwa posta, maana mwisho wa mwezi hausubiri gazeti.

Pole. Lakini hiyo amani ni ya nani? Rafiki yako anaondoka akiamini kwamba alijivunja mwenyewe. Kukata chuma lilikuwa kosa la fundi mwenye haraka. Kumwacha mgonjwa akuombe radhi kitandani ni jambo jingine kabisa, na hilo umelirudia kila siku uliyonyamaza.

Ukiipata barua hii, nenda dukani kwao siku hiyo hiyo. Sema naye mbele ya baba yake, kwa kuwa baba ndiye anayemlaumu. Mwambie: "Nilikata chuma, ukaniuliza, nikakudanganya." Usijitetee: usitaje injini, usitaje ujana. Jioni umwambie Nyanchera, asije akayasikia sokoni. Wakikufukuza, ondoka. Wala usilie pale ili Indravadan akubembeleze. Mtu uliyemvunja nyonga usimpe na kazi hiyo.