Diski Tatu Walizogawana Kola

Baba yangu uliyelala Kola,

Nimekasirika. Afadhali nikuambie mapema, kwa maana hukupenda mtu azungukezunguke na maneno. Nimekasirika na ndugu yako Nzioka, na wanao Mutua na Kyalo, na wauza kompyuta wote wa Machakos mjini. Na wewe pia sikuachi. Mtu anawezaje kupiga video za harusi na mazishi za Kola nzima, azihifadhi kwa uangalifu ule wako wote, halafu aende zake bila kumweleza mtu mwingine isipokuwa mimi jinsi alivyozihifadhi? Mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua mishono ya suruali huko kiwandani EPZ!

Unakumbuka ile siku uliniita mezani, ukiwa umefungua lile sanduku la chuma ulilolitengeneza kutoka kwa kompyuta kuukuu ya ofisi? Ndani kulikuwa na diski tatu, kila moja ukubwa wa kitabu cha nyimbo, zimepangwa bega kwa bega. Ukaona sielewi kitu, ukachukua machungwa. "Mkono wa kulia niko na matatu," ukasema. "Jumla ni matano. Huu wa nyuma uko na mangapi?" Nikakuambia mawili, kwani mimi ni mtoto? Ukacheka hadi ukakohoa. "Basi ndivyo hizi zinavyoishi. Hakuna hata moja iliyo na video nzima. Zimegawana. Moja ikifa, zile mbili zinajua ilikuwa imebeba nini. Lakini mbili zikifa, Mwende, tumekwisha." Halafu tukayala machungwa yenyewe, na maganda ukaniachia mimi nitupe.

Sasa sikiza walichofanya.

Tulipomaliza kukuzika, wazee wa ukoo walikaa chini ya hema kugawa vitu vyako, kama desturi ilivyo. Koti la kijivu likaenda kwa huyu, baiskeli kwa yule, majembe yakahesabiwa. Wakafika kwa sanduku lako. Baba mdogo Nzioka akalifungua kwa bisibisi yako mwenyewe, akachungulia ndani, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Watoto watatu, vitu vitatu! Marehemu alijipanga." Nikasimama. Nikasema hizo hazitenganishwi, zikitengana hazisomeki. Unajua alinijibu nini? "Mwende, keti. Hapa hakuna mtoto atapendelewa kuliko mwingine." Na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ilionekana ni haki kabisa. Kila mtu akapewa diski yake mkononi. Sanduku tupu akalichukua yeye, na baadaye nikasikia limekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Aki Baba, ningekuwa mwanaume siku hiyo ningepindua meza.

Ningeweza kunyamaza, mambo yakapita. Lakini Mwaitu, mama yetu, alinipigia simu wiki moja nikiwa nafua nguo kwangu Mlolongo, vumbi la machimbo limejaa hadi kwenye kamba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwende, sauti ya baba yako inanitoroka. Uso ninao. Sauti ndiyo inaenda. Nitafutie, hata kama anakohoa tu." Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, povu mikononi, nikalia.

Na hapo ndipo hasira yangu kwako inapoanzia. Wewe hukuwahi kujipiga video hata mara moja. Tulikuwa tunakuambia upe mtu kamera, usimame na sisi, nawe unasema, "Nani atashika vizuri?" Kwa hivyo haumo. Picha tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, ambayo tuliiweka pia kwenye kijikaratasi cha mazishi, na ndani yake umenuna. Lakini sauti yako iko katika kila video, nyuma ya kamera, ukiamrisha watu: "Bibi harusi, angalia hapa. Wewe wa kofia, toa kofia. Songeni, songeni." Hiyo ndiyo Mwaitu alikuwa anataka. Na ilikuwa imekatwa vipande vitatu kama mkate.

Nikaanza na Mutua, kwa sababu ndiye mkubwa. "Ah, ile diski?" akasema, anatafuna. "Niliichomeka kwa televisheni. Ikawa inaniuliza kama iifute ndiyo ifanye kazi. Nikakataa, ikauliza tena. Nikakubali." Mutua! Amejaza filamu za ngumi. Nilimfokea hadi mke wake akatoka jikoni kuona kuna nini. Yeye anashangaa tu, ati haikuwa na kitu, alichungulia. Bila shaka hakuona kitu, si ilikuwa theluthi ya machungwa!

Basi ile nafasi yetu ya kukosea mara moja, uliyoniambia mezani, Mutua alikuwa ameitumia. Zikabaki yangu na ya Kyalo. Moja ya hizo ikiharibika, sauti yako imekwenda kabisa.

Kyalo naye akakataa. Kitinda mimba wako, ndevu zimemjaa kidevuni, akaniambia kwenye simu, "Hiyo ndiyo kitu pekee Baba aliniachia. Siwezi kuileta Mlolongo ikae kwako." Hajaigusa, angalau. Ameifunga ndani ya soksi yako ya kahawia na kuiweka chini ya nguo zake. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamtania. Mwishowe akatoa masharti: ataileta, lakini mashine ikae Kola kwa Mwaitu, si kwa mtoto yeyote. Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Hata Nzioka hangepata la kusema.

Sasa Baba, wewe unaijua sebule ya Mwaitu. Viti vimebanana, meza imejaa, na nafasi iliyobaki ni ule upenyo kabatini kando ya televisheni. Kwa hivyo mashine lazima iwe ndogo. Isipige kelele, kwa sababu pale ndipo jumuiya ya kanisa inaposali. Isile stima nyingi, kwa sababu stima ikipotea Kola tunategemea ile sola ya paa. Na iwe na mahali pa kuchomeka diski tatu kubwa, mbili zetu na mpya moja ya kuziba pengo la Mutua. Nilidhani naomba kitu cha kawaida.

Wacha nikuambie yaliyonipata. Duka la kwanza walinitolea kimashine cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kizuri, kinatoshea hata mfukoni, lakini hakina pahali pa diski, unazichomeka kwa waya za nje. Nikakumbuka ulivyokuwa ukifoka paka akipita karibu na waya zako: "Diski haipendi kutikiswa!" Nikakirudisha. Duka la pili wakanipa kompyuta ya ofisi iliyotumika, nyembamba kama Biblia, inakaa kabatini kama imepimiwa, lakini ndani inaingia diski moja tu, tena ile ndogo. La tatu walikuwa na kisanduku cheupe kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuhifadhi, kinang'aa, kimya kabisa. Nikafurahi. Kikawa na nafasi mbili. Nikamuuliza muuzaji, je, nikiweka diski zilizo na vitu tayari? Akatabasamu. "Usijali madam, inazisafisha kwanza." Inazisafisha! Nilitoka hapo mbio, mkoba nimeukumbatia utadhani diski yangu iliyokuwa ndani ilikuwa inasikia.

Yenye nafasi ya kutosha nayo ilikuwa inalingana na kibanda cha kuku, na feni yake inanguruma kama kinu cha posho. Nikauliza kama kuna ya katikati. Kijana wa duka akaanza kunisifia nyingine ya bei ya juu, ati itacheza gemu zote. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nataka kumsikia baba yangu, wewe unaniambia gemu?" Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Labda nilikuwa nimechanganyikiwa. Kila Jumamosi napanda kutoka Mlolongo hadi mjini kuangalia visanduku, na kila Jumamosi narudi mikono mitupu, na Mwaitu anapiga simu kuuliza, "Umempata?" Haulizi kama nimeipata mashine. Anauliza kama nimekupata wewe.

Niliipata kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika, imelala chini ya rundo la kibodi. Kisanduku cha mraba, kama mkebe wa biskuti za Krismasi. Ndani kina bodi ndogo isiyokula stima, soketi nne za diski, na feni moja pana inayozunguka polepole. Niliifungua pale pale nikahesabu zile soketi kwa kidole, nikarudia tena. Sikupunguziwa bei, na wala sikubishana.

Tukakutana Kola Jumapili baada ya misa. Kyalo akaja na soksi yako. Hakunipa, alitaka kuichomeka mwenyewe, nami nikamshikia taa ya simu. Mutua akaja na diski mpya ndani ya boksi lake, akaiweka mezani, akaenda kusimama mlangoni. Nikamwambia hiyo tutaiweka baadaye, leo mashine inasoma tu, haiandiki kitu. Akasema sawa. Ndiyo mara ya kwanza amenikubalia kitu tangu tukiwa watoto.

Mwaitu naye, unamjua. Nilipogeuka tu akawa amefunika mashine kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cha maua ya njano. Nikakitoa. Akakirudisha. "Mwaitu, inataka hewa." "Na vumbi je?" "Mwaitu, itapata joto ife!" "Baba yako alikuwa anaacha nifunike." Uongo mtupu, ulikuwa unakitoa kila asubuhi, na mimi nilikuona. Tukagombana pale mbele ya watoto wake wazima wawili, na kama ungekuwepo ungeniambia nimheshimu mama yangu, halafu ungekitoa kitambaa akienda jikoni.

Taa ikawaka. Tukangoja. Halafu majina yakaanza kushuka kwenye televisheni, moja baada ya jingine, harusi ya fulani, mazishi ya fulani, kama ulivyoyaandika. Kyalo akakaa chini sakafuni. Mimi nikafungua ya kwanza iliyokuja, bila kuchagua.

Hata haikuwa sherehe. Ni Mwaitu peke yake, bado kijana, ameketi kwenye kizingiti cha jikoni ya zamani anachagua maharagwe, uso wake uko kivulini. Nadhani ulikuwa unajaribu kamera tu. Kisha ukakohoa, Baba. Ukasema, "Mama Mutua, hebu sogea huku kwa mwanga."

Kwenye televisheni hakusogea. "Niache, niko na kazi," akasema. Nawe ukasema tena, pole pole, "Sogea tu kidogo. Nikuone."

Nikageuka kumtazama Mwaitu. Alikuwa ameshika leso yake kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka kwenye kiti. Akajiinua, akahamia upande wa dirishani, akaketi vizuri, uso wote kwenye jua.

Bado nina hasira, na kitambaa tutaendelea kukigombania. Lakini umwambie yeyote uliye naye huko kwamba safari hii Mwaitu alikusikia.

Ni mimi binti yako wa machungwa,
Mwende