Mashine Imebaki Nyumbani

Jumatatu, 4 Agosti

Nitaandika yote, hata yale nitakayoyaonea haya. Nikianza kuchagua, nitakuwa nawaandikia wageni. Daftari hili si la wageni.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mama amemnyonyesha Tabitha kitandani. Mimi nimechemsha vipande vya mashine anayokamulia maziwa yake: faneli, chupa mbili, mipira midogo. Dakika tano, kisha kwenye kitambaa safi. Ni kazi yangu tangu shule zifungwe. Kazi nyingine ni kumlea Tabitha mpaka Mama arudi saa kumi na moja na nusu. Tabitha ni mdogo wangu. Ana miezi kumi na mitano, meno saba, na hasira.

Mama ni karani wa stoo kwenye kinu cha unga. Mara mbili kwa siku huingia chumba cha magunia matupu akakamua maziwa yake. Huyaleta kwenye mfuko wa buluu wenye barafu. Kesho yake Tabitha anayanywa kwa kikombe. Mfuko hurudi na vumbi jeupe la unga kila siku.

Jioni ya leo amesema ataacha kukamua kazini. Polepole. Kunyonyesha ataendelea, asubuhi na jioni. Baba yuko safarini na lori, hakuulizwa. Mimi niliuliza kwa nini.

"Nataka kula chakula cha mchana kwa mikono miwili," alisema.

Nilikuwa na swali la pili. Sikulitoa. Maziwa yatajuaje kwamba yanaachwa mchana tu?

Jumanne, 5 Agosti

Linalonisumbua liko kwenye daftari langu la kilimo, Gredi ya Nane, muhula wa pili. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Ukitaka kumkausha ng'ombe, ruka zamu moja ya kukamua, kisha mbili, mpaka maziwa yakome. Nilipata alama zote kwenye swali hilo.

Mama anafanya vilevile. Ameanza kuruka zamu ya saa nne. Amerudi na chupa moja.

Mimi niliachishwa ziwa nikiwa na miezi minane. Najua kwa sababu Kukhu, nyanya yangu wa Turbo, huwaambia wageni, "Huyu alilelewa na ng'ombe wangu." Watu hucheka. Mimi pia hucheka. Sikumbuki chochote. Mama naye huondoka kwenda kuangalia chai.

Sitaki Tabitha awe wa pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekuwa nikipima na kuandika kwenye karatasi. Juzi maziwa yalifika juu ya mstari wa nne kwenye chupa. Jana, juu ya wa tatu. Leo hayakufika wa tatu. Mama anasema amepunguza dakika, kumi na tano zikawa kumi, kumi zikawa saba. Anasema vizuri, kana kwamba ni habari njema.

Tabitha alikunywa yote, akanirudishia kikombe, akangoja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefanya jambo. Leo Mama aliiacha mashine mezani kwa makusudi, mara ya kwanza. Alipoinama kufunga viatu niliitia kwenye mkoba wake, chini ya leso. Nilijiambia akiiona ataitumia, kwa kuwa ipo.

Jioni aliiweka mezani. Kavu.

"Imetembea yenyewe mpaka kazini," alisema.

Kumbe alifungua mkoba kwenye mizani akitafuta kalamu, malori yamepanga foleni, na mashine ikatangulia kutoka. Mzee Maina anayepima magunia akauliza, "Karani, ng'ombe wa stima amekufuata mpaka malishoni?" Wapagazi wakacheka. Mama akamjibu kwamba ng'ombe wake angalau anajua kazi yake bila kuamshwa. Wakacheka zaidi. Mzee Maina husinzia baada ya chai.

Mimi pia nilicheka. Hapo Mama akaacha kucheka.

"Nekesa, ukiwa na swali, uliza. Usinipakie."

Sikuuliza. Nilikuwa nalo moja mdomoni na jingine nyuma yake, na lile la nyuma ndilo zito.

Jumatano, 13 Agosti

Kuna sheria. Tabitha asile chochote baada ya saa kumi, ili Mama akifika amkute na njaa. Nimeivunja.

Mvua ilianza saa kumi na nusu, kubwa, ya mawe. Saa kumi na mbili Mama hajafika. Tabitha amelia mpaka sauti imekauka. Nikampa uji kikombe kizima, na ndizi. Alilamba kikombe.

Mama aliingia saa kumi na mbili na nusu. Ameloa, amekunja mikono kifuani kama aliyebeba kitu cha kumwagika. Hakuvua viatu. Alikaa, akamchukua Tabitha, akamweka kifuani.

Tabitha akageuza uso.

Mama akambadilisha upande. Akageuza tena. Mara ya tatu akamsukuma kwa mkono, akashuka, akaenda kupiga kifuniko cha sufuria sakafuni.

Nililigusa ziwa la Mama aliponiomba nimshikie kitambaa cha maji moto. Gumu kama kiazi kibichi. Alikamua kidogo kwa mkono kwenye bakuli, kiasi cha kupumua tu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Nikamwambia habari ya uji.

"Sawa," alisema.

Ningependelea anigombeze.

Imekwisha. Niliogopa kuachwa kwa mashine, na mimi ndiye niliyeimaliza kazi, kwa kikombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Alfajiri amenyonya. Upande mmoja tu, kidogo, akalala. Sijui ni ishara ya nini. Ziwa limelainika. Mama ameenda kazini bila mashine. Sikuigusa.

Saa kumi kamili nimeweka uji juu ya kabati, mbali nami.

Jumamosi, 16 Agosti

Turbo, kwa Kukhu. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mahindi yake yameanza kukomaa, tumechoma manane.

Mama na Tabitha walibaki jikoni penye moto. Mimi nilimfuata Kukhu zizini. Ng'ombe wake Nyota ana mimba, na kweli anakaushwa. Leo hakukamuliwa kabisa. Nimeona kwa macho yangu: daftari langu halikudanganya. Basi nikamweleza Kukhu yote. Zamu, mistari ya chupa, mkoba, uji.

Alisikiliza akiwa anamwekea Nyota majani. Kisha akaniuliza, "Ndama wa Nyota yuko wapi?"

Nikamwambia alipelekwa kwa jirani tangu Aprili.

"Basi nani anamwomba maziwa?"

Nilimtazama Nyota akitafuna.

"Ningemwacha ndama anyonye asubuhi na jioni, ningengoja mpaka nizeeke mara ya pili, huyu asikauke. Ziwa humsikiliza anayeliomba. Mchana pakinyamaza, mchana litalala. Jioni akiomba, jioni litaamka. Siku chache za kwanza huwa linauma, halijazoea. Mwalimu wako amekufundisha ng'ombe asiye na ndama." Akapangusa mikono. "Na umemwambia mama yako kwamba unamsoma kwenye daftari la ng'ombe?"

"Bado."

"Usimwambie."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Nilipoona amefurahi nikauliza na lile la nyuma. Mimi niliachishwaje? Mbona miezi minane?

Akaokota ndoo, ingawa ilikuwa safi, akaiosha.

"Hilo, kukhu wangu," alisema, maana nyanya na mjukuu huitana hivyo, "muulize mwenye maziwa."

Jumatatu, 18 Agosti

Sheria imefuatwa. Saa kumi na moja na robo Tabitha alikuwa amesimama langoni ameshika vyuma. Alipomwona Mama alianza kuvuta leso kabla Mama hajaweka mkoba chini.

Pande zote mbili. Nilihesabu anavyomeza. Nilipofika arobaini niliacha, kwa sababu ilikuwa wazi.

Mama alikuwa amefumba macho. Kiatu kimoja kimetoka, kingine bado. Ziwa lilikuwa laini tangu mchana, alisema. Hakuna aliyeligusa, halikulalamika.

Nimeikunja ile karatasi ya mistari ya chupa nikaitia jikoni, motoni.

Alhamisi, 21 Agosti

Jana nilichemsha mashine mara ya mwisho. Imekauka, iko ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Mfuko wa buluu nimeufua mara mbili. Unga bado umo kwenye mshono, hautoki.

Sasa Mama anabebea chakula humo. Leo tena nimempakia githeri, mahindi na maharagwe, na nusu ya parachichi. Bila barafu. Anasema hula kwenye benchi karibu na mizani, kwa mikono miwili, na kwamba Mzee Maina ameonja githeri yangu akauliza kama nyumbani kwetu chumvi ni ya bure.

Shule Jumatatu. Tabitha atashinda kwa jirani. Nimemwandikia jirani ile sheria ya saa kumi kwa herufi kubwa.

Kabla sijafunga mfuko nimetia karatasi chini ya kifuniko cha bakuli. Safari hii simpakii Mama mashine. Nauliza, kama alivyosema. Nimeandika mara nne, nikachagua fupi zaidi:

Mama, siku niliyoachishwa ziwa, nani kati yetu aligeuza uso? Nijibu leo, mfuko ukirudi.