Picha Tatu za Gari la Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumatano, saa saba mchana.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi naye, mgongo umempa nafuu? Mwambie kitenge chake nimeshakikata, bado kushona tu, asinune.

Kwanza nikupe hali za watu wa hapa, maana najua utaruka mistari mpaka ufike kwa Mama. Mama anakula vizuri, analala vizuri na anasuta watu vizuri. Kikohozi tu ndicho kilichokataa kumwacha. Zile chupa mbili za dawa ulizotuma amezimaliza na hakuna kilichobadilika. Ajabu yake, nyumbani hakohoi. Kinamshika akiwa ndani ya gari, tena ghafla, mara moja tu, kikavu, halafu anatulia. Tulidhani ni vumbi la viti, tukavifua vyote, wapi. Leo Shangazi amempeleka hospitali kupigwa picha ya kifua, kama ulivyotusumbua kwenye simu. Umeshinda.

Mwanangu Kifaranga ameng'oka meno mawili ya mbele na bado haachi kuongea. Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye ukimwona utasema mzima, na hapo ndipo barua yangu inapoanza.

Kaka, naogopa. Ningekupigia, lakini chumba hiki na cha Baba vinagawana ukuta, na masikio yake bado ni makali. Kwa hiyo naandika.

Tangu mwaka uanze wametufungia kamera kwenye makutano yote yenye taa. Ziko juu ya nguzo, hazilali wala hazisalimii mtu. Ukipita taa nyekundu zinakupiga picha, na baada ya siku chache ujumbe wa faini unaingia kwenye simu iliyoandikishwa pamoja na gari. Simu hiyo ni yangu. Unakumbuka ulipomnunulia gari Baba akakataa kutoa namba yake, akisema hataki kuitwa na watu asiowajua.

Ujumbe wa kwanza ulipoingia nilicheka. Baba yetu apite taa nyekundu? Mwalimu, aliyewafundisha udereva nusu ya mji huu, ambaye wiki nzima ya kwanza hakuruhusu mwanafunzi awashe injini, ni kukaa tu na kutazama vioo? Nikasema kamera zimechanganyikiwa, au kuna mwizi aliyebandika namba zetu kwenye gari lake. Nikafungua picha. Gari letu, na ule mbonyeo wake wa mlango wa nyuma. Baba yuko peke yake, mikono yote miwili kwenye usukani, kifua mbele, vilevile alivyotufundisha. Juu yake taa nyekundu.

Nikailipa kimyakimya. Mwezi uliofuata ikaja ya pili, makutano mengine, yuko peke yake tena. Nikailipa nayo, na siku hiyo sikucheka.

Ya tatu nilikuwemo.

Wiki tatu zilizopita alinipeleka kuchukua jora la kitambaa cha kaki, msimu wa sare za shule ndio huu. Wakati wa kurudi, taa ya makutano ya posta ikawa nyekundu. Niliiona, kaka. Niliiona kama ninavyoiona sindano iliyo mbele yangu. Gari halikupunguza mwendo. Nikasubiri apunguze. Nikajiambia ameona kitu ambacho mimi sijakiona. Tukapita katikati, na mwendesha baiskeli mwenye trei za mayai akajitupa pembeni, yeye na mayai yake. Baba akasema, "Watu wa baiskeli hawa hawana adabu kabisa." Nami nikatikisa kichwa kumkubalia.

Usiniulize kwa nini nilinyamaza, wewe unajua. Garini husema dereva na injini tu. Umesahau ulivyopiga kelele, "Baba, ng'ombe!" akasimama, ng'ombe akapita, halafu akakuteremsha ukarudi nyumbani kwa miguu? Alikuwa amemwona ng'ombe tangu mbali. Tangu siku ile mimi nikiingia kwenye gari la Baba ulimi wangu naufungia mkanda.

Picha ilikuja siku ya nne. Ninaonekana wazi kando yake, nimekumbatia jora, mdomo nimeufunga. Nimeitazama hadi nimeichoka. Tangu hapo sishoni kitu kikanyooka. Nimevunja sindano tano, na juzi nilimpa mteja suruali yenye mfuko unaofunguka kwa ndani. Simu ikitetemeka naifunika kwa kitambaa kabla ya kuitazama. Baba ndiye anayemrudisha Kifaranga kutoka shule kila siku saa nane. Mama huenda naye, hakosi hata siku moja, hata mvua inyeshe vipi, nami nimejifariji kwa hilo bila kujua linanifariji nini. Ninachokiogopa ni picha ya nne, yenye kichwa kidogo kando ya Baba. Au isije picha, aje mtu kugonga mlango.

Wewe ni mwanawe wa kwanza na wewe ndiye uliyenunua gari. Ukimwambia aache atasikia. Mimi nikimwambia ataniuliza nimesoma udereva kwa nani.

Kaka, nimeacha kalamu hapo juu. Nimesikia gari likiondoka.

Mama yuko hospitali. Mimi mwenyewe ndiye niliyempangia aende leo, na sikufikiria kabisa kwamba Baba atabaki bila mtu wa kwenda naye. Nimekimbia mpaka getini na futi yangu ya kupimia shingoni, nikaona vumbi tu. Nikampigia, simu ikalia chumbani kwake, chini ya mto.

Sasa hivi Mama amepiga. Hakusema neno juu ya kifua chake. Ameniuliza, "Baba yako ameshaondoka?" Nikasema ndiyo. "Na nani?" Nikasema peke yake. Kisha akasema, "Ungemzuia, mwanangu, ungemzuia!" Sikuelewa anajua nini. Kwamba anajua kitu, hilo nimelielewa.

Kutoka hapa hadi shuleni kuna taa tatu. Naandika ili nisikae tu nikitazama geti. Saa nane na dakika kumi. Mlinzi wa shule hapokei simu.

Saa nane na nusu. Wangekuwa wamefika. Simu imetetemeka, nikaiangusha chini. Ni mteja anauliza suruali zake. Nimemjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Saa tisa kasorobo. Nimevaa viatu, nimevua, nimevaa tena. Nikienda kwa njia ya posta nao wakapita ya sokoni, tutapishana. Ee Mola, mtoto wangu.

Saa kumi na moja jioni.

Wamefika, kaka. Wamefika wazima, nimemkumbatia Kifaranga mpaka akalalamika namminya. Ila gari halikuja. Niliwaona wanakata kona kwa miguu, Baba amebeba mkoba wa shule, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Gari ameliacha shuleni na funguo ameziweka mfukoni. Amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, akaomba maji.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikafungua simu, nikamwekea picha ya tatu mezani. Akavaa miwani, akaisogeza karibu mpaka ikagusa pua, akaanza kuisoma polepole kama alivyokuwa akisoma makaratasi ya mitihani. Nikasubiri anifokee.

"Huyu aliyekaa kando ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Uliiona taa?"

"Niliiona."

"Sasa mbona hukusema?"

Miaka yote hii nimekaa nikiogopa kusema, na mtu mwenyewe ananiuliza mbona sikusema, tena kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Machozi yakanitoka.

Ni hapo Mama alipoingia na bahasha ya picha ya kifua mkononi. Kifua hakina kitu, daktari amemwambia ni safi kama cha msichana. Akaiangalia simu, akaniuliza siku ya kila picha, nikamtajia. Akakaa kwenye kitanda changu.

"Siku zote tatu mimi sikuwemo garini," akasema.

Kisha akakohoa. Kile kikohozi chake, mara moja, kikavu. Akamtazama Baba na Baba akatazama sakafu.

Umeelewa, kaka? Mama hukohoa kwenye taa nyekundu. Mwaka mzima sasa. Siku moja alimwona anakaribia kupita, akaogopa, na kwa kuwa garini hakusemwi, akakohoa. Baba akakanyaga breki. Tangu siku hiyo akikohoa Baba anasimama, asipokohoa anapita. Hawajawahi kulizungumza, hata usiku wakiwa wawili tu. Ndiyo maana hakosi safari ya shuleni. Na sisi tunamnunulia dawa, wewe unatuma chupa, mimi nampangia hospitali siku ambayo alihitajika kukohoa kuliko siku zote.

Baba akasema yote kwa pamoja, kama mtu anayeteremsha mzigo. Taa anaiona, lakini anaona mwanga mmoja mpana uliotawanyika, hajui uko juu au chini, hajui ni rangi gani. Leo kwenye taa ya kwanza alisimama mpaka magari ya nyuma yakampigia honi, na ya pili na ya tatu alipita kwa kufuata gari lililo mbele. Alipomwona Kifaranga anakuja mbio kwenye geti la shule, alishindwa kumfungulia mlango wa gari. "Nikasema huyu siwezi," ndivyo alivyotuambia. Kaka, Baba alikuwa anaogopa. Kumbe nyumba nzima tulikuwa tunaogopa jambo moja, kila mtu na kona yake.

Alhamisi, saa nne asubuhi.

Sikuituma barua jana, nilitaka kuongeza hili. Asubuhi Baba alinipa funguo. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Tukaenda kwa miguu mpaka shuleni, nikaingia upande wa dereva, yeye akakaa kando na kufunga mkanda. Nilitazama vioo vyote, akanyamaza. Nikatoa ishara, akanyamaza.

Taa ya kwanza nilisimama na nikasema kwa sauti, "Nyekundu, Baba." Ikabadilika, nikasema, "Kijani, Baba." Ya pili hivyo hivyo. Nilitegemea aniteremshe.

Tulipofika makutano ya posta, pale pale pa mayai, kabla sijafungua mdomo nilimsikia akiuliza taratibu, uso umeelekea mbele:

"Na hii?"

Nikamwambia. Lakini swali hilo limeniogopesha kuliko picha zote tatu, maana sasa mwalimu ananiuliza mimi, na mpaka sasa nalisikia.

Jumatatu nampeleka kwa daktari wa macho. Shangazi anasema huenda ni mtoto wa jicho na kwamba hupasuliwa, mtu akaona. Baba amesikia neno kupasuliwa na hajala tangu jana. Mpigie Jumapili. Usimtaje gari, acha aseme mwenyewe, na akikwama usinyamaze, msaidie neno. Ukipata ruhusa kazini, njoo. Wewe ndiye uliyeteremshwa kwa sababu ya ng'ombe, atafurahi ukimshika mkono.

Mama anakusalimu na anasema usitume dawa tena. Shangazi anakusalimu, anauliza utarudi lini umwone kabla hajazeeka, ingawa sote tunajua ameshazeeka. Kifaranga anakutumia jino moja, mimi nimegoma kulitia kwenye bahasha. Msalimie wifi na watoto, wabusu kwa niaba yangu. Mola akulinde barabarani huko, akupe macho ya kuona na mtu wa kukaa kando yako asiyeogopa kusema.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokuchoma,

Sindano