Shimo Chini ya Mgomba

Kasenga, Uvira
Jumapili, 16 Machi 2025
Mvua imekatika alfajiri. Ukungu umeziba milima, ziwa limetulia.

Mpendwa mdogo wangu Consolate,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Liège. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi tu wazima. Vita haijatuacha: Mama bado hajarudi shambani kwake Ruzizi, na juzi Ijumaa risasi zililia upande wa Kalundu mpaka jioni. Kwetu hakuna aliyeumia.

Nianze na lile unalolingoja. Uliandika kwamba hutatia sahihi mkataba mpya wa maabara kabla Mama hajakubariki. Neno lake ninalo, ila sikia kwanza lilivyopatikana.

Tangu Noeli alishikilia kwamba mnakuza vitoto ndani ya visahani vya maabara, kisha mnavitupa. Sikuthubutu kukuambia: alichimba shimo uani chini ya mgomba, pale alipozika kitovu cha mwanangu Bahati. "Mwambie avitume. Vikikufa kule, nani anavizika? Minye niko tayari." Kila mvua iliponyesha alichota maji, shimo lisizibe.

Ijumaa, tulipojifungia ndani, nilimwonyesha video yako na kumsomea maelezo yako polepole: kwamba ni seli za ngozi ya mtu mzima aliyezitoa kwa hiari, kwamba mnazirudisha mwanzo, ziwe kama zile za siku za kwanza tumboni, kisha mnazilea ziwe nyama ya moyo tu, ya kujaribia dawa. Alikitazama kile kipande cha nyama kwenye video kinavyodunda, akaweka mkono kifuani.

"Haviko na kichwa?"

"Hapana, Mama."

"Wala macho?"

"Wala macho."

Nadhani alimkumbuka Baba na ugonjwa wake wa moyo. Kisha akaniuliza kwa ukali, "Sasa Dimanche haendi Misa juu ya nini?"

Nikamweleza kuwa huendi kwa sababu seli zinataka chakula kila siku, hata Jumapili, zisipolishwa zinakufa. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu akimbie Ruzizi. "Kumbe iko kama mbuzi! Weye uliona mbuzi gani inajua Dimanche? Alishe kwanza, nyuma aombe. Mwambie Mama yake amekubali."

Basi, tia sahihi. Jana amepanda chipukizi la mgomba katika lile shimo, na hataki mtu alikanyage.

Barua hii anaibeba Karim, yule muuza vitenge, mpaka posta ya Bujumbura. Shemeji yako Niyonzima anakusalimu, Bahati pia. Mtoto huyu anauliza kama moyo wenu unasikia baridi.

Mungu aibariki mikono yako inayolisha.

Dada yako akupendaye,
Délice

Nimeongeza Jumatatu: jana hapakuwa na risasi. Nilimwacha Mama akicheka peke yake juu ya mbuzi wako, nikasinzia mapema, saa tatu usiku.