Yadi ya Babu Hapa Kibaoni

Dada Paskalina,

Shikamoo. Mimi mzima, na Ifakara nzima haijapata bodaboda mtanashati kunizidi, usibishe.

Babu Ignas ametusahau majina, lakini yadi ya treni za mvuke alikokuwa akichochea moto ujanani anaikumbuka yote. Basi nikampangia uani kama anavyoisimulia: pipa la maji langoni, kuni kando yake, shimo la majivu nyuma. Akaanza kutembea peke yake bila kujikwaa. Mama akalalamika jiko limehamishwa. Nikamwambia injinia ni mimi.

Juzi Babu alizoa majivu yote, akatundika beleshi, akaniambia, "Zamu yangu imekwisha, kijana. Msiwashe tena."

Tangu hapo hataki kula. Njoo, Dada, usisubiri likizo.

Mdogo wako, mwenye akili kuliko vyeti,
Venance