Silikoni ya Bibi Wahiba

Maskati, 4 Machi 2024

Yumna mjukuu wangu,

Leo natimiza miaka arobaini na moja tangu niondoke Kurasini. Assalaam aleikum. Mie mzima, ila magoti yamegoma.

Dada yangu, yaani bibi yako Wahiba, kanipigia tena: "Hamoud, rudi tuzeeke pamoja." Nimemjibu kwamba bahari yenu imeoza, nije kunusa nini? Wewe unapima maji pale Mto Mzinga unapoingia baharini. Nambie kweli, ingali hai? Kama ni hai, nakuja kabla ya Idi Kubwa.

Babu yako,
Hamoud

Mtoni, Temeke, 25 Machi

Shikamoo Babu,

Wa aleikum salaam. Saumu inakwendaje? Sie wazima. Bibi kasimama mgongoni kwangu anasoma kila neno.

Bahari haijafa, mlo wake ndio umeharibika. Mto unashusha mbolea za mashamba na maji ya vyoo, na vyote viwili ni chakula cha vimea vidogo mno vya baharini. Vilivyo bora, daiatomu, hujijengea ganda la kioo kwa silikoni inayotoka kwenye miamba na mchanga wa bara. Hunyonya kaboni, na vikifa ganda huvizamisha nayo hadi chini. Mbolea ikizidi silikoni, vinashamiri vimea visivyo na ganda: samaki wanakosa mlo mzuri, na kaboni nyingi inabaki juu.

Kwa hiyo silikoni ndiyo itakayokujibu: ikiwa tele, bahari ni hai. Chupa zangu za plastiki zenye maji ya kupima zimejaa friji la Bibi. Kauliza kwa nini si za kioo. Nikamwambia kioo kinaongeza silikoni kwenye maji.

Mjukuu wako,
Yumna

Mtoni, 24 Aprili

Shikamoo Babu,

Siamini! Silikoni imejaa tele! Bibi kashaanza kufua mapazia ya chumba chako.

Yumna

Maskati, 2 Mei

Yumna,

Salaam. Ahadi ni ahadi. Tiketi nimekata, sanduku liko sebuleni.

Babu yako

Mtoni, 16 Mei

Shikamoo Babu,

Hujambo? Keti kwanza.

Bi Filomena wa maabara kaniita: "Yumna, tangu lini Mto Mzinga ukanukia sharubati?" Nikarudi nyumbani mbio. Bibi alikuwa akihamishia maji yangu kwenye chupa zake za kioo za sharubati, anaziacha juani siku nzima, kisha anayarudisha kwenye plastiki. Nikapiga kelele. Akanijibu bila kugeuka: "Si wewe ulosema kioo kinaongeza? Nimeongeza."

Nimechota maji mengine, nimepima upya. Silikoni ni haba. Nisamehe.

Yumna

Maskati, 23 Mei

Yumna,

Salaam nyingi. Nimecheka mpaka binti yangu Maisa akaja kunitazama kama nimepatwa na kiharusi. Usimgombeze bibi yako. Hajapata kutokea mtu wa kunichakachulia bahari.

Lakini mwambie: hata ile silikoni ilipokuwa tele, sanduku lilikaa sebuleni wiki mbili, nikalizunguka tu bila kutia hata shati. Wanangu wako hapa, na mama yao nimemzika hapa. Tiketi yangu nimeirudisha, nimemkatia Wahiba ya kuja huku. Aje, ila chupa zake aziache.

Wewe endelea kupima, na uniletee namba za kweli hata zikiwa mbaya.

Mie sirudi.

Babu yako,
Hamoud