Kosgei Amekataa Kuruka Mkuki

Naliaka uko? Usinipigie, niko jikoni kwa mathe huku Molo na watu wamejaa nje. Soma tu.

Unakumbuka ile ng'ombe ya Uncle Kipngeno iliibwa? Leo mchana wazee wameita boma yote. Wakalaza mkuki chini. Kila mtu auruke akiapa hakuiba, na kama anadanganya, kiapo kimmalize.

Watu wakaruka mmoja mmoja. Ikafika kwa ndugu yangu mdogo, Kosgei. Akasimama hapo tu.

Ati "Mimi sikuiba. Lakini siapi. Yesu alisema ndiyo yangu iwe ndiyo, na hapana iwe hapana."

Siapi! Mbele ya wazee! Aki miguu haikusonga.

Uncle akacheka vibaya. "Mwenye mikono safi haogopi mkuki. Sasa mwizi tumemjua."

Mathe akamshika koti akilia. "Ruka tu mwanangu, Mungu anajua moyo wako."

Akamwambia, "Mama, ndiyo maana siruki."

Wamempa hadi kesho asubuhi. Aruke, ama ahame na bibi yake na watoto.

Saa hii amekaa kwa jiwe upande ule wa mkuki wa wasioruka, peke yake. Ameniangalia tu.

Naliaka, huo mstari nilimfundisha mimi, Sunday school, akiwa na miaka saba.

Na mimi nilikuwa wa tatu kuruka.